Nani Atashika Kitabu Baada ya Mwalimu?



Juma hili nilikusudia kuwaandikia habari za vyeti vya ubatizo, maana wengi hufika ofisini kwangu kutaka cheti bila kujua hata mwaka waliobatizwa. Lakini habari hiyo naiahirisha. Liko neno jingine linalonikaa moyoni tangu msimu wa korosho uliopita, nalo halinipi raha. Lahusu kila kigango, na pengine kigango chako wewe unayesoma sasa. Nitawaeleza kwanza yaliyotokea, kisha tuyapime pamoja.

KIGANGO KILICHONYAMAZA

Katika parokia yetu hapa Newala kiko kigango kimoja kilicho mbali na barabara kubwa. Jina lake silitaji, maana sitaki watu wake waone haya peke yao kwa kosa ambalo ni letu sote. Kwa miaka 31 kigango hicho kilikuwa na katekista mmoja. Watu wote pale, Wakristo kwa Waislamu, humwita Mwalimu. Ndiye aliyegonga rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni iwe kengele. Ndiye aliyefungua mlango, akasoma masomo, akayaeleza, akaanzisha nyimbo. Ndiye aliyefundisha wakatekumeni, akazika wafu, akaandika daftari, hata akafagia sakafu Jumamosi jioni. Ufunguo wa kanisa aliuvaa shingoni kwa kamba, na kitabu cha ibada alilala nacho nyumbani kwake. Sisi tulimsifu sana. Tulisema, “Laiti kila kigango kingekuwa na mtu kama huyu!”

Basi, mwezi wa Oktoba, korosho zikianza kudondoka, Mwalimu alianguka shambani. Upande mmoja wa mwili ukafa ganzi, na ulimi ukawa mzito. Akapelekwa hospitali, akalazwa huko muda mrefu.

Jumapili ya kwanza watu walikuja kama kawaida, wakakuta mlango umefungwa. Wakaketi chini ya mwembe, wakatazamana. Mmoja akasema, “Tusali rozari basi.” Mwingine akauliza, “Nani ataanza?” Hapana aliyejibu. Baada ya saa moja wakaondoka mmoja mmoja. Jumapili ya pili walikuja wachache. Jumapili ya tatu watu walikwenda zao mashambani kuokota korosho. Hivyo zikapita Jumapili 7. Paroko wetu ana vigango vingi, na zamu ya kigango kile ilikuwa bado. Mimi nilisikia kwamba Mwalimu ni mgonjwa, nikafikiri halmashauri yao itajua la kufanya. Halmashauri nao walifikiri parokia itajua la kufanya.

Katika juma la tano, mtoto mchanga wa miezi 3 alishikwa na homa kali usiku. Baba yake alikwenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka zahanati, pikipiki ikakawia, na kabla ya alfajiri mtoto alikata roho mikononi mwa bibi yake. Alikuwa hajabatizwa. Siku yake ilikuwa imepangwa, wakati padre atakapokuja.

Nilipofika kutoa pole, yule bibi alinishika mkono, akaniambia, “Mwanangu, maji yalikuwamo mtungini. Maneno ya ubatizo nayajua, nimeyasikia miaka yote. Lakini nilisema moyoni, Mwalimu hayupo, mimi ni nani?”

Wasomaji wangu, nilikosa la kusema. Nilimweleza lile Kanisa linalotufundisha, kwamba mtoto wa namna hiyo twamkabidhi kwa huruma ya Mungu, ambaye ataka watu wote waokoke, na Yesu mwenyewe aliwaita watoto wadogo waje kwake. Bibi aliitikia kwa kichwa. Hakunilaumu. Lakini lile neno lake, “mimi ni nani,” nilirudi nalo njia nzima.

Nilipofika ofisini nilifungua jalada la kigango kile. Humo nikaikuta barua ya miaka miwili nyuma. Paroko alikuwa ameandika kwa vigango vyote, akiomba kila kigango kilete majina ya watu wawili wapate kufundishwa kazi ya katekista. Nyuma yake palikuwa na jibu la halmashauri: “Mwalimu wetu bado ana nguvu. Majina tutaleta baadaye.” Na chini ya jibu hilo palikuwa na mwandiko ninaoujua vizuri, maana ni wangu mimi: “Imesomwa. Iwekwe jaladani.”

Ndivyo nilivyofanya. Barua ya kuwatayarisha viongozi wa kesho niliifunika kwa karatasi nyingine, nikaendelea na kazi. Kwa hiyo ninayoyaandika leo siyaandiki kama mtu asiye na kosa.

WALIOTUTANGULIA WALILIJUA NENO HILI

Tukikumbuka jinsi imani ilivyofika Afrika ya Mashariki, tutaona kwamba si mara moja wala mbili Kanisa limebaki bila padre, na lilisimama mahali palipokuwa na watu wa nyumbani waliotayarishwa.

Tazameni Uganda. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 waliondoka kwa sababu ya hatari, nao hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa wala kitubio. Waliacha nyuma yao Wakristo wachache tu na wakatekumeni. Je, waliporudi walikuta moto umezimika? La! Walikuta kundi limeongezeka. Ndani ya jumba la mfalme alikuwako Yosefu Mukasa Balikuddembe akiwafundisha vijana. Andrea Kaggwa alifundisha nyumbani kwake, na huko Mityana alikuwako Matia Mulumba.

Tena oneni jinsi kazi ilivyopita mkono hata mkono. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa. Siku ile ile Karoli Lwanga alibatizwa, akashika uongozi wa vijana wale. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, walipojua kwamba hukumu yao imekaribia na padre hawezi kuwafikia, Karoli mwenyewe aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, na mmoja wao alikuwa Kizito. Tarehe 3 Juni 1886 akachomwa moto huko Namugongo. Karoli hakuuliza, “Mimi ni nani?” Alijua, kwa sababu Yosefu alimfundisha kazi wakati angali hai.

Huko huko Uganda, upande wa kaskazini katika nchi ya Waacholi, mwishoni mwa mwaka 1917 katekista wa Paimol alifariki. Kijana mmoja, Daudi Okelo, alikwenda kwa padre akasema yu tayari kushika mahali pake. Akamchukua mdogo wake katika imani, Jildo Irwa, awe msaidizi. Daudi alikuwa na umri wa miaka kama 16, na Jildo kama 12. Wote wawili waliuawa mwezi wa Oktoba 1918 kwa sababu ya kufundisha dini. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza Wenye Heri. Leo kijana wa miaka 16 akisimama kanisani kutaka kazi, wangapi kati yetu wangemwambia akae chini, yeye ni mtoto?

Hapa kwetu kusini nako ni vivyo hivyo. Wabenediktini walianzisha misioni ya Lukuledi mwaka 1895, na Nyangao mwaka uliofuata. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misioni hizo mbili zilichomwa moto, na Askofu Kasiani Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili njiani upande wa Liwale. Mwaka 1906 wakaanza upya huko Ndanda. Haukupita muda mrefu, vita kuu ya kwanza ikafika mpaka uwanda wetu huu wa Makonde. Mwaka 1917 majeshi yalipita hapa hapa Newala yakielekea Ruvuma. Wamisionari Wajerumani walichukuliwa na Waingereza, hatimaye wakarudishwa Ulaya, na miaka kadhaa ikapita kabla ya Wabenediktini kuruhusiwa kurudi. Katika miaka hiyo, aliyewafundisha watoto ishara ya msalaba ni mwalimu wa dini wa kijijini, na mzee, na mama jikoni.

Ndugu zetu Waanglikana nao wana habari yao katika nchi hii, nayo yafaa tuijue. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, akitoka nao Unguja. Kati ya watoto wa kwetu waliouzwa utumwani alikuwako Myao mmoja, ndiye Cecil Majaliwa. Alipata uhuru, akasoma katika chuo cha Kiungani huko Unguja, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Huyo alirudi huku akafanya kazi Chitangali mpaka mwaka 1897. Mtoto aliyetolewa huku kwa minyororo alirudi akiwa mchungaji wa watu wake, akawahubiri kwa lugha ya mama yake.

Sasa, ndugu msomaji, ninalotaka ulione katika habari hizi zote ni moja tu. Hapana hata mmoja wao aliyekuwa kiongozi siku ile ile shida ilipofika. Kila mmoja alitayarishwa kabla. Alipewa kazi ndogo, akaaminiwa, akapewa kubwa. Udongo uwahi ungali maji, ukikauka hauumbiki tena.

SI JAMBO GENI KWETU

Wengine watasema, “Hayo ni mambo ya wasomi na seminari.” Sivyo. Sisi watu wa uwanda huu, Wamakonde, Wayao na Wamakua, twajua tangu zamani jinsi ya kumtengeneza mtu. Jando na unyago ni nini, kama si chuo? Mwali hapewi maneno matupu. Hutengwa na starehe za nyumbani, huwekwa chini ya mkubwa anayekaa naye, hula naye, humwonya, humpima. Akitoka, kijiji kizima hutoka kumlaki, na tangu siku hiyo hutazamwa kuwa mtu mwenye wajibu. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Waanglikana wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, alitambua nguvu ya mafundisho hayo, ndiyo maana hakuitupa desturi ya jando bali alitaka iwe jando la Kikristo.

Mama zetu wazee nao wanaweza kutufundisha. Zamani, kabla ya mabomba, huku juu uwandani maji yalikuwa shida kubwa. Wanawake waliteremka ukingoni mpaka bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mama aliyeijua njia ya kisimani hakungoja azeeke ndipo amwonyeshe binti yake. Binti aliteremka naye angali mdogo, akibeba kibuyu. Kwa nini basi njia ya maji ya uzima tumwachie mtu mmoja, tena mzee, tukae tukingoja siku atakapoanguka?

KANISA LATUAMBIA NINI

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya kazi ya umisionari, uliwasifu makatekista, wanaume na wanawake, na kusema kwamba kazi yao ni ya lazima kabisa kwa uenezaji wa imani. Uliagiza pia wafundishwe vema na wapewe riziki inayowastahili. Tena tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliiweka kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya walei katika Kanisa lote, wanaume na wanawake, wakikabidhiwa na Askofu baada ya kuandaliwa kama ipasavyo.

Maana yake ni kwamba katekista si kibarua wa padre, wala si mtu wa kuziba pengo. Ni mlei aliyeitwa. Naye hakuitwa kulinda jengo tu. Kigango ambacho kazi yake ni ibada ya Jumapili basi, watu wakaenda zao, hakijatimiza wajibu. Yuko jirani aliyelala kitandani. Wako vijana waliooana bila ndoa, wanaona haya kuja kanisani. Iko familia iliyohamia juzi, haijui hata jumuiya yake ni ipi. Yuko ndugu Mwislamu aliyefiwa, anatazama kama Wakristo watafika msibani. Kiongozi wa kweli huwapeleka watu huko. Na mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kufika kote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

BASI TUFANYEJE?

Natoa mashauri matano. Yote tumeanza kuyajaribu katika parokia yetu, kwa hiyo siwapi ndoto.

La kwanza, kila mwenye kazi awe na mwenzake anayejifunza. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulipelekwa shule ya msingi kufanya mazoezi ya kufundisha. Siku ya kwanza mikono yangu ilitetemeka, na ubaoni niliandika hesabu ya kugawanya isivyo sawa. Mkufunzi wangu alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Aliliona kosa, nami nikamwona ameliona. Hakuinuka kuninyang'anya chaki. Alingoja, mpaka mtoto mmoja akanyosha mkono akasema, “Mwalimu, pale si nane.” Nikafuta, nikaandika upya. Jioni mkufunzi aliniita, tukazungumza. Siku hiyo nilijifunza kuliko mwezi mzima wa mihadhara. Basi katekista naye afanye hivyo. Kwanza mwenzake atazame. Kisha wafanye pamoja. Kisha mwenzake afanye, naye akiwa ameketi nyuma. Mwisho afanye peke yake. Akikosea neno katika somo, dunia haitaanguka.

La pili, funguo ziwe mbili. Msicheke, jambo hili dogo ndilo lililofunga kanisa Jumapili 7. Ufunguo mmoja akae nao katekista, wa pili mtu mwingine mwaminifu. Na kitabu cha ibada kiwe na mtu wa pili anayejua kukitumia, kupata masomo ya siku na kufuata taratibu ya ibada pasipo padre.

La tatu, kila Mkristo mtu mzima afundishwe ubatizo wa hatari. Padre na shemasi ndio wenye kazi ya kubatiza kwa kawaida. Lakini mtu akiwa katika hatari ya kufa na hao hawapo, yeyote aweza kubatiza, mwanamume au mwanamke, hata asiye Mkristo, mradi anakusudia kufanya lile Kanisa linalofanya. Atamwaga maji safi juu ya kichwa cha mtoto, na wakati ule ule atamtaja kwa jina, atasema kwamba anambatiza, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Basi. Mafuta hayatakiwi, wala kitabu, wala nguo nyeupe. Baadaye apelekewe habari paroko ili iandikwe daftarini, na mtoto akipona aletwe kanisani kukamilishiwa ibada zilizobaki. Mama wa nyumbani, soma aya hii mara mbili, kisha msomee jirani yako asiyejua kusoma.

La nne, tuchague kwa macho na si kwa masikio. Mara nyingi twamchagua mwenye sauti kubwa mkutanoni, au mwenye mikorosho mingi, au mtoto wa ukoo fulani. Tazameni badala yake ni nani aendaye kumtazama mgonjwa bila kutumwa. Nani hulipa deni lake. Nani hupatanisha majirani. Nani nyumbani kwake husali na watoto wake. Huyo ndiye, hata kama kusoma kwake ni kwa kusitasita, maana kusoma kwafundishika. Tena msiwapite wanawake. Katika jumuiya nyingi ninazozijua, ukiwaondoa akina mama hutabaki na jumuiya.

La tano, anayetumwa asitumwe na njaa. Hapa nitasema wazi. Twapenda kumpeleka mtu mafunzoni, kisha mkewe na watoto twawaacha walime peke yao. Au twamwambia katekista, “Thawabu yako iko mbinguni,” nasi tumetoka kuuza korosho. Mbinguni iko thawabu, ni kweli, lakini chumvi na sabuni ziko dukani. Kila familia ikitenga kilo moja tu ya korosho wakati wa mauzo, kigango chenye familia 60 kitapata kilo 60. Na asiye na mikorosho aweza kutoa siku moja ya jembe katika shamba la aliyetumwa. Haba na haba hujaza kibaba.

NENO KWA WALIMU WAZEE

Najua wako watakaouliza, “Je, vijana hawa wakifundishwa, hawatatudharau sisi tuliobeba kazi tangu zamani?” Swali hili nilimwuliza Mwalimu mwenyewe, nilipokwenda kumtazama aliporudi kutoka hospitali. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono wake wa kuume ukiwa mapajani kama si wake.

Nikamwambia, “Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kukuomba radhi kwa ile barua.”

Akanitazama kitambo. Akasema polepole, maana ulimi ulikuwa bado mzito, “Marahaba, mwanangu. Barua ile hata mimi niliiona. Niliogopa. Nilifikiri nikimpa mwingine ufunguo, watu watasema mzee amekwisha.”

Kisha akasema, “Sasa nimekwisha kweli, na ufunguo sikumpa mtu.”

Nawaomba, enyi walimu wazee, msingoje mpaka mseme maneno hayo. Hapana atakayewadharau kwa kuwa mmepata wanafunzi. Mti huheshimiwa kwa matunda yake. Na ninyi vijana mnaopelekwa mafunzoni, mkirudi na cheti msirudi na kiburi. Aliyewafungulieni mlango wa kanisa mngali mnabebwa mgongoni astahili kuketi mbele, hata akiwa hawezi tena kushika kitabu.

JUMAPILI YA NANE

Nimalize kwa habari ya kigango chetu. Jumapili ya nane Paroko alinituma huko, akanionya, “Karani, usiongoze wewe. Ukiongoza wewe, Jumapili ya tisa watakungoja.” Nikaenda nikaketi nyuma kabisa, kama mkufunzi wangu wa zamani. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo mpya. Kijana mmoja wa miaka 19, anayetengeneza baiskeli kijijini, alisoma somo la kwanza. Alikwama mara tatu, na mara ya tatu jasho lilimtiririka, nikaona watu wanataka kucheka. Hawakucheka. Mama mmoja mwenye sauti nzuri alianzisha wimbo juu mno, ukawashinda, akauanza upya chini. Mzee wa halmashauri aliongoza sala za waamini, akaisahau ya wafu, akakumbushwa.

Naam, ilikuwa ibada yenye makosa mengi. Tangu wakati huo haijakosekana Jumapili hata moja. Kijana yule na mama yule majina yao yamekwenda kwa Paroko, nao wameanza mafunzo. Mwalimu huletwa kwa pikipiki, akakaa kwenye kiti mbele, na baada ya ibada huwaita karibu akawarekebisha, kwa neno moja moja.

Na yule bibi? Aliomba ruhusa ya Paroko, naye akapewa. Alhamisi jioni, akina mama wanaporudi kutoka shambani, huwakusanya uani kwake na kata ya maji, akamshika mwanasesere wa matambara, akawaonyesha jinsi ya kufanya ikiwa usiku ni mwingi na padre yuko mbali. Nilimsikia akiwaambia, “Msiseme, mimi ni nani. Ninyi ni wabatizwa.”

Basi, msomaji wangu, kabla ya Jumapili ijayo keti na jumuiya yako. Ulizeni swali moja tu: Mwalimu wetu akiugua kesho, nani atashika kitabu? Mkipata majina mawili, yaandikeni kwenye karatasi mpeleke parokiani. Na wewe, karani mwenzangu utakayeipokea karatasi hiyo, nakuomba kwa mapendo, usiiweke jaladani kabla ya kumfikishia Paroko mkononi.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.

Ni mimi ndugu yenu,
Karani wa Parokia, Newala